Kuiingiza hoteli ndogo kwenye Google, Booking.com na vilinganishi vya bei: hatua kwa hatua

Hoteli za makampuni makubwa zina watu wanaolipwa mshahara kuhakikisha zinaonekana mtandaoni. Hoteli ya familia yenye vyumba 8 au 12 haina mtu huyo. Kazi humwangukia aliyeko mapokezi mwenye simu nzuri, na siku akiacha kazi anaondoka na nywila zote. Matokeo yake hoteli safi, yenye chakula kizuri na bahari mlangoni, haionekani kabisa kwa mgeni anayetafuta malazi akiwa Nairobi au Hamburg, huku jirani mwenye vyumba vibaya zaidi amejaa.

Mwongozo huu ni wa mwenye hoteli huyo au meneja wake. Mifano mingi ni ya pwani ya Tanzania na Kenya, lakini utaratibu ni uleule Arusha, Kisumu au Kigali. Tenga wiki mbili hivi za kazi ya jioni. Usiruke hatua ya 1, hata kama inakuchosha, maana matatizo mengi yanayojitokeza mbele huanzia hapo.

Kwanza, nani ni nani

Mitandao hii watu huichanganya, nayo haifanyi kazi moja. Google ni ramani na utafutaji: inaonyesha hoteli ilipo, picha, maoni na bei. Booking.com, Expedia, Agoda na Airbnb ni mawakala: wanauza chumba chako na kuchukua kamisheni. Kundi la tatu ni vilinganishi vya bei, kama Trivago, Kayak, Skyscanner, na sehemu ya hoteli ya Google yenyewe. Hawa hawauzi chumba. Wanakusanya bei ya hoteli moja kutoka kwa mawakala mbalimbali, wanazipanga, kisha wanampeleka mgeni kwa muuzaji aliyemchagua.

Kwa hiyo mwenye hoteli anayehangaika kutafuta namna ya kujisajili Kayak anapoteza muda. Kayak, Agoda na Booking.com ziko chini ya kampuni moja, Booking Holdings, na hisa nyingi za Trivago zinamilikiwa na Expedia Group. Ukishakuwa kwa wakala mkubwa mmoja au wawili, vilinganishi vinakuchukua vyenyewe. Kisichokuja chenyewe ni bei yako ya moja kwa moja, ile isiyo na kamisheni. Hiyo ina hatua yake huko chini.

Hatua ya 1: Karatasi moja ya taarifa

Kabla ya kufungua akaunti yoyote, andika taarifa zote za hoteli mahali pamoja, karatasi au faili la Excel. Kila mtandao utaujaza kwa kunakili kutoka hapo, herufi kwa herufi. Kompyuta haitambui hoteli yako kwa kuona geti. Inalinganisha jina, anwani, simu na mahali ilipo pini ya ramani. Hoteli iliyosajiliwa BRELA (msajili wa biashara wa Tanzania) kama "Lodge", kibao cha barabarani kikasema "Guest House", na Instagram ikajiita "Beach Resort", kwa kompyuta inaweza kuwa hoteli tatu, na maoni ya wageni yakagawanyika mara tatu.

Jina liwe lile lililo kwenye kibao cha nje. Usiongeze "best", "cheap" wala jina la mji kwa kudhani utapanda juu. Google inaweza kukufungia kwa hilo. Simu iandikwe kwa mtindo wa kimataifa, ikianza na +255 au +254, na iwe laini ya hoteli, si ya meneja. Barua pepe iwe ya hoteli na nywila yake iwe mikononi mwa mmiliki.

Kwenye anwani, sanduku la posta halimfikishi mgeni popote. Tanzania sasa ina anwani za makazi na postikodi, kwa hiyo andika namba ya jengo na jina la barabara kama vilivyo kwenye kibao. Pasipo na kibao bado, tumia Plus Code, ile ambayo Google Maps huionyesha ukigusa mahali kwenye ramani.

Pini ichukuliwe ukiwa umesimama pale teksi inaposhusha mgeni, si katikati ya kiwanja wala ufukweni. Fungua Google Maps, shikilia kidole mahali hapo, kisha nakili namba mbili zinazotokea. Paje, kwa mfano, ni takriban -6.27, 39.53. Angalia ile alama ya kutoa mbele ya 6. Ukiisahau, hoteli yako inahamia kusini mwa Ethiopia, mamia ya kilomita kutoka baharini, na mfumo hautakuambia kitu. Utaona tu kwamba mwezi umepita bila bukingi hata moja.

Sasa vyumba. Hapa lugha yetu ya kazi inatuponza. Tunasema chumba "selfu" tukimaanisha kina choo na bafu ndani. Ukimwandikia mgeni kutoka Ulaya "self-contained", wengi wanatarajia jiko na friji, na anapofika bila kuviona anaandika malalamiko. Andika "private bathroom". Vilevile "dabo": kwetu inaweza kuwa chumba chochote cha watu wawili, lakini kwa mawakala "double" ni kitanda kimoja cha watu wawili, na "twin" ni vitanda viwili. Wenzi waliokuja fungate wakakuta vitanda viwili vya futi tatu na nusu hawatakusamehe kwenye maoni yao.

Vitanda navyo tunavipima kwa futi, mawakala wanavitaka kwa sentimita. Kitanda cha 4 kwa 6 kina upana wa sentimita 122, na kwa Booking.com hicho ni kitanda cha mtu mmoja, maana kundi hilo linaanzia sentimita 90 hadi 130. Cha 5 kwa 6 ni sentimita 152, kinaingia kundi la 151 hadi 180, yaani kitanda kikubwa cha wawili. Cha 6 kwa 6 ni 183, kinaingia kundi la juu kabisa la 181 hadi 210. Chukua futikamba upime kitanda kwa kitanda. Wengi huandika 4 kwa 6 kuwa cha watu wawili kwa sababu nyumbani kinalaliwa na wawili.

Huduma ziandikwe zilizopo kila siku. Kama kiyoyozi kinazima umeme ukikatika kwa sababu jenereta haikihimili, usifiche; sema jenereta inawasha nini na nini. Kama maji ya moto yapo vyumba sita kati ya kumi, weka alama kwenye vyumba hivyo sita tu. Chandarua taja, kwani wageni wengi hukiulizia.

Malizia karatasi na vibali. Weka pamoja picha za leseni ya biashara, namba ya mlipa kodi na kibali cha utalii (Zanzibar hutolewa na Kamisheni ya Utalii, Kenya na Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii). Jina kwenye akaunti ya benki lifanane na jina kwenye leseni, au uwe na barua ya kueleza tofauti. Mawakala wanaweza kusimamisha malipo kwa jambo hili.

Hatua ya 2: Picha

Piga saa moja na nusu baada ya jua kuchomoza au kabla halijazama, mapazia yakiwa wazi na taa zikiwa zimewashwa. Simu nzuri inatosha. Ilaze, usiisimamishe, na uiweke usawa wa kifua ili kuta zisionekane zinaanguka. Hifadhi picha kubwa, pikseli 3000 upande mrefu, ambazo zitakubalika kwa mawakala wote wakubwa. Kwa Google tengeneza nakala isiyozidi MB 5, kwa kuwa ndicho kikomo chake.

Kila aina ya chumba iwe na picha nne: kitanda, chumba kizima kutoka mlangoni, bafu, na kinachoonekana dirishani. Nje ya vyumba piga geti, mapokezi, sehemu ya kulia chakula, na njia ya kwenda ufukweni kama ipo. Picha ya bafu isikosekane. Mgeni asiyeona bafu hudhani kuna sababu ya kulificha. Usiweke picha iliyobandikwa maandishi, namba ya simu au nembo, mawakala huzikataa.

Hatua ya 3: Google

Itafute kwanza hoteli yako kwenye Google Maps kwa majina yake yote, ya zamani na ya sasa. Mara nyingi tayari ipo, imewekwa na mgeni aliyepita au na wakala. Ikiwepo, usitengeneze nyingine. Gusa sehemu ya kudai umiliki. Ikiwa mtu mwingine ameshaidai, pengine meneja wa zamani, omba umiliki kwa njia hiyohiyo, naye atatumiwa barua pepe na kupewa siku chache za kujibu. Ukikuta mbili, dai ile yenye maoni mengi, kisha iripoti ya pili kuwa ni nakala.

Kisha chagua kundi la biashara, na hapa pana mtego wa Kiswahili chenyewe. Kwetu "hoteli" ni pia mahali pa kula chapati na maharage, hivyo ramani imejaa migahawa iliyoandikwa "Hotel", na nyumba za kulala wageni zilizoandikwa "Restaurant" kwa sababu aliyeziweka alikwenda kula tu. Kundi la kwanza likiwa mgahawa, ukurasa wako hautaonyesha tarehe wala bei za vyumba, hata mawakala wakiwa nazo. Kundi la kwanza liwe moja la malazi: Hotel, Guest house, Lodge au Hostel. Mgahawa wenye wateja wake wa nje unaweza kuwa na ukurasa wake tofauti, wenye jina lake na saa zake.

Google watataka kuthibitisha kwamba wewe ndiye mwenye mahali hapo, na siku hizi mara nyingi wanataka video. Iwe moja isiyokatwa wala kuhaririwa, ya sekunde 30 au zaidi. Anza nje, onyesha barabara na jengo la jirani, sogea kwenye kibao chenye jina, ingia, kisha fanya jambo ambalo mgeni hawezi: fungua ofisi kwa ufunguo, au droo ya mapokezi. Usirekodi sura za wageni wala nyaraka zenye namba za siri. Jibu huja ndani ya siku tano za kazi au karibu na hapo. Video hukataliwa hasa kwa sababu kibao hakisomeki, au jina la kibao halifanani na lililoandikwa. Ndiyo maana hatua ya 1 ilitangulia.

Ukishathibitishwa jaza saa za kuingia na kutoka, huduma zote na picha. Mweke mmiliki awe mwenye akaunti, na meneja awe msimamizi tu.

Hatua ya 4: Wakala mmoja kwanza

Usijisajili kwa mawakala watano kwa siku moja. Anza na mmoja, uzoee kwa mwezi, halafu uongeze. Kwa hoteli nyingi za pwani na za njia ya safari, Booking.com ndiyo ya kuanzia kwa wageni wa Ulaya. Expedia huongezwa kwa ajili ya Wamarekani. Hosteli yenye vitanda vya dabo deka iangalie Hostelworld pia.

Kujisajili ni bure. Unajaza karatasi yako ya hatua ya 1, unaweka aina za vyumba na idadi ya kila aina, kanuni za watoto, na muda wa kughairi. Mwanzoni weka mipango miwili ya bei tu: mmoja wa kughairi bure hadi siku kadhaa kabla ya kufika, na mwingine usiorejeshewa pesa, wenye bei ya chini kidogo. Fungua kalenda miezi 12 mbele angalau. Mgeni wa Agosti kutoka Ulaya hununua tiketi ya ndege mapema, na kalenda iliyofunguliwa miezi mitatu kwake haina chumba.

Bei ya mkazi na ya asiye mkazi ni desturi yetu, na inawezekana mtandaoni. Usifungue kurasa mbili za hoteli moja kwa ajili hiyo. Booking.com ina bei ya nchi, inayoonekana kwa watafutaji walioko nchi uliyoichagua tu.

Sarafu ichaguliwe kwa makini, kwani kuibadilisha baadaye ni usumbufu. Tanzania ilitoa kanuni mwaka 2025 zinazozuia kutangaza na kupokea bei za ndani ya nchi kwa fedha za kigeni, kwa hiyo kaa na mhasibu wako kabla hujaweka dola.

Hatua ya 5: Hesabu ya bei

Hii ndiyo sehemu inayoumiza hoteli ndogo kimyakimya, kwa hiyo fuata hesabu pole pole.

Chumba ni shilingi 150,000 pamoja na VAT ya 18% ya Tanzania Bara. Wakala anakushawishi ujiunge na mpango wa wateja wake wa kudumu. Genius ya Booking.com huanzia punguzo la 10%. Unakubali. Wiki moja baadaye ekstraneti, yaani ukurasa wa wakala unakosimamia hoteli yako, inapendekeza bei ya watumiaji wa simu, 10% nyingine. Unakubali tena, maana imeandikwa itakuletea wageni zaidi. Punguzo hizi zinapopandana, 150,000 inakuwa 135,000, kisha 121,500. Kamisheni ikiwa 15% ya hiyo, inaondoka 18,225. VAT iliyomo ndani ya 121,500 ni 18,534. Kinachobaki mkononi ni 84,741. Bado hujamlipa wa usafi, hujanunua mayai ya kifungua kinywa, hujalipa umeme.

Hesabu igeuzwe. Kwa punguzo hizo mbili, kamisheni hiyo na VAT hiyo, kinachobaki ni takriban senti 56 na nusu kwa kila shilingi uliyotangaza. Ukihitaji kubakiwa na 100,000, bei ya kuanzia iwe karibu 177,000. Kenya weka VAT ya 16% na ada ya 2% ya Mfuko wa Utalii. Kama hujasajiliwa VAT, ondoa mstari huo. Asilimia ya kamisheni yako isome kwenye mkataba. 15% ni ya kawaida, lakini hutofautiana kwa nchi na kwa wakala.

Kujiunga na punguzo si kosa. Kosa ni kujiunga kwanza na kupiga hesabu baadaye. Msimu wa masika, Aprili na Mei, chumba kilicholaliwa kwa 84,741 ni bora kuliko kilicholala wazi. Julai na Agosti ukiwa umejaa, ni hasara ya wazi. Punguzo nyingi zina sehemu ya kuondoa tarehe fulani, zitumie.

Ada zinazotozwa kwa mtu kwa usiku, kama ile ya miundombinu Zanzibar, ziandikwe kwenye sehemu ya kodi na ada, mgeni azione kabla ya kulipa. Ada inayoibukia mapokezi ndiyo chanzo cha ugomvi wa saa nane usiku.

Hatua ya 6: Pesa itakufikiaje

Kuna njia tatu: mgeni alipe akifika, wakala akutumie benki, au wakala akupe kadi pepe. Hiyo ya tatu inahitaji maelezo. Kadi pepe ni namba ya Visa au Mastercard isiyo na plastiki, imewekewa kiasi cha bukingi ile moja. Huwezi kuichomeka wala kuigusisha kwenye mashine. Lazima uiandike kwa vitufe. Mashine nyingi za kadi zinazogawiwa na benki zetu zimefungwa zisipokee namba ya kuandikwa. Iulize benki yako kwa barua, kabla ya kukubali njia hii, kama mashine yako imefunguliwa kwa malipo ya mteja asiyekuwepo. Usipouliza, mgeni atalala siku sita, aondoke, na wewe ubaki na namba usiyoweza kuigeuza pesa.

Mambo mawili zaidi. Kadi pepe ina tarehe ya kuanza kutozwa, mara nyingi siku ya kuingia mgeni au baada yake. Ukiijaribu mapema inakataa, na hiyo haimaanishi ni mbovu. Ina pia tarehe ya mwisho, usilale nayo. Tena jua kiasi kilichomo: Expedia ikikusanya pesa yenyewe hukupa kilichobaki baada ya kamisheni yake, ilhali Booking.com huleta ankara ya kamisheni mwanzoni mwa mwezi kwa wageni walioondoka mwezi uliopita. Ankara isiyolipwa hufunga ukurasa wako.

Mgeni asipotokea, mwandike kuwa hakufika kabla saa 48 hazijapita tangu tarehe aliyotakiwa kuondoka. Usipofanya hivyo unalipia kamisheni ya mtu ambaye hukumwona.

Hatua ya 7: Chaneli meneja na bei yako ya moja kwa moja

Ukiwa na mawakala wawili au zaidi, kalenda zinaanza kupishana. Kuziunganisha kwa kiungo cha iCal ni bure, lakini husasishwa kila baada ya saa kadhaa, na haibebi bei. Ndani ya saa hizo chumba cha mwisho kinaweza kuuzwa mara mbili. Likitokea, mgeni wa pili unamtafutia hoteli ya hadhi hiyohiyo au zaidi na kulipa tofauti, na Desemba 30 hoteli hiyo haipo.

Chaneli meneja ni programu inayobeba bei na idadi ya vyumba kwenda kwa mawakala wote kwa wakati mmoja. Little Hotelier, Cloudbeds na NightsBridge ya Afrika Kusini ni baadhi yake. Unapochagua, uliza maswali manne: inaunganisha mawakala ninaowatumia? Ina mfumo wa bukingi wa kuweka kwenye tovuti yangu? Inapeleka bei Google? Msaada unapatikana saa za kwetu?

Hilo la Google ndilo muhimu kuliko yote. Tangu Machi 2021, Google huonyesha viungo vya bukingi bila malipo kwenye ukurasa wa hoteli, chini ya matangazo ya kulipia. Hoteli yako inaweza kukaa humo pamoja na Booking.com, ikiwa na bei yake na kiungo cha tovuti yake, bila kamisheni ya Google. Njia ya kawaida ya kuingia ni kupitia chaneli meneja au mfumo wa bukingi uliounganishwa na Google. Mara nyingi ni kuweka tiki moja tu, kisha kusubiri Google wailinganishe hoteli ya kwenye mfumo na ile ya kwenye ramani. Wanalinganisha nini? Jina, anwani, simu na pini. Trivago nayo hupokea bei za moja kwa moja kupitia washirika wa aina hiyohiyo.

Google hukagua kama bei iliyoonyeshwa inafanana na ile mgeni anayoikuta akifungua tovuti yako. Kama inaonyesha 150,000 na tovuti inaongeza kodi hadi 177,000 kwenye hatua ya mwisho, alama yako ya usahihi inashuka na kiungo kinaweza kuondolewa. Weka bei yenye kila kitu ndani yake.

Kuunganisha vyumba kunahitaji macho mawili. Unaoanisha "dabo ya bahari" ya mfumo wako na "Sea View Double" ya wakala, chumba kwa chumba, mpango wa bei kwa mpango wa bei. Ukikosea mstari mmoja, tripo itauzwa kwa bei ya singo. Jaribu hivi: chagua tarehe ya mbali ambayo hakuna bukingi, weka bei ya ajabu, tuseme 151,700, subiri robo saa, kisha fungua kila wakala kwenye dirisha la faragha la kivinjari, bila kuingia akaunti yoyote. Unayemkuta na 151,700 ameungana sawasawa. Rudia kwa kila aina ya chumba. Halafu funga chumba kimoja na uhakikishe kimefungwa kote. Mwisho rudisha bei ya kawaida, watu husahau.

Tripadvisor

Huu ni mtandao wa maoni ya wageni. Ukurasa wa bure unatosha mwanzoni. Udai, angalia kama wamekuweka kundi sahihi la malazi, sahihisha pini. Tripadvisor wanakataza kumpa mgeni zawadi kwa ajili ya maoni, hata soda, na ukigundulika ukurasa unawekewa alama ya kuonya wasomaji. Kumwomba mgeni aliyeridhika aandike, bila kumpa kitu, kunaruhusiwa. Mwombe asubuhi ya kuondoka, ukiwa na QR iliyochapishwa kaunta. Jibu maoni yote mabaya kwa sentensi tatu au nne, ukitaja kilichorekebishwa. Anayeyasoma majibu hayo ni mgeni ajaye, mlalamikaji keshaenda zake.

Nywila na matapeli

Hoteli ndogo zinalengwa sana. Ujumbe unakuja, unajifanya mgeni aliyelalamika au wakala anayetaka uthibitishe akaunti, una kiungo. Ukikifungua unakuta ukurasa unaofanana kabisa na ekstraneti. Ukiandika nywila, matapeli wanaingia na kuwaandikia wageni wako, kwa jina la hoteli yako, walipe tena. Ekstraneti ya Booking.com ni admin.booking.com, iandike mwenyewe kwenye kivinjari, usiifuate kupitia barua. Ukurasa ukikuambia unakili maneno fulani na kuyabandika kwenye kompyuta ili uthibitishe kuwa wewe si roboti, funga mara moja. Kila mfanyakazi awe na akaunti yake, uthibitisho wa hatua mbili uwashwe, na anayeacha kazi afutwe siku hiyohiyo.

Ukiwa umefanya yote na bado huonekani

Tafuta kwanza kwa tarehe halisi, siku 40 mbele, usiku mbili, watu wawili. Ukionekana hapo lakini si kwa usiku mmoja, umeweka kikomo cha chini cha usiku bila kujua. Ukionekana kwa mtu mmoja tu, vyumba vyako vimeandikwa vinabeba mtu mmoja. Rudi kwenye vitanda vya 4 kwa 6. Huonekani kwa tarehe yoyote? Kalenda haijafunguliwa, au ankara haijalipwa. Uko kwa wakala lakini ukurasa wa Google hauna bei: angalia kundi la biashara, kisha pini. Bei ya wakala iko na yako haipo: kulinganisha kumekwama, na aliyekuuzia chaneli meneja ndiye mwenye uwezo wa kuliona hilo kwenye mfumo wa Google. Mwandikie, mpe kiungo cha ukurasa wako wa ramani, na namba mbili za pini zikiwa na alama yake ya kutoa.